Wachunga Ng'ombe Wapanda Farasi wa Marekani: Kazi Yao, Desturi Zao, na Ushahidi wa Maneno Yao

Tumezoea katika kurasa hizi kuyachungua maneno ili tujue yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani. Msomaji wa pwani aonapo maneno kama meza, bendera, gereza na leso, hana haja ya kuambiwa kwamba Wareno walipata kukaa katika nchi yake, maana maneno yenyewe yasema. Na asikiapo nahodha na bandari, ajua ya kuwa Waajemi nao walifanya biashara katika bahari yetu. Watu huondoka, ngome hubomoka, wala si kila jambo liliandikwa kitabuni. Lakini majina ya vyombo hubaki vinywani mwa watu wavitumiao.

Leo twataka kuifuata njia iyo hiyo kwa habari ya watu walio mbali nasi, nao ni wachunga ng'ombe wapanda farasi wa magharibi ya Marekani, ambao dunia nzima huwajua, au hudhani kwamba yawajua. Sinema zimeichukua picha yao mpaka katika miji yetu: Mzungu mmoja juu ya farasi, kofia pana kichwani, bastola kiunoni, hana mke wala bwana, huenda apendako. Picha hiyo inapendeza, lakini ni kisa cha kutungwa. Watu wenyewe walikuwa wafanya kazi wa mshahara, na kazi yao ilikuwa ng'ombe, si bastola. Tena, ustadi wao haukuanza kwa wale waliopata sifa zake. Tutaieleza kazi hiyo kama ilivyofanywa na kama inavyofanywa hata sasa, na msomaji ataona jinsi maneno yao wenyewe yanavyowashuhudia wale waliosahauliwa na masimulizi.

I. Habari za jina

Kwa Kiingereza mtu huyu huitwa cowboy, na neno hilo limeunganishwa kwa maneno mawili, ng'ombe na mvulana. Huitwa hivyo hata awe na mvi na wajukuu. Msomaji anayekumbuka jinsi neno boi lilivyotumiwa kwetu zamani za ukoloni kumwitia mtumishi mtu mzima, hatastaajabu sana. Wenyewe wakitaka kumsifu mwenzao, mara nyingi hutumia neno jingine: husema kwamba mtu huyu ni mkono, yaani mkono wa kazi. Kumwita mtu mkono mwema ni sifa kubwa kupita zote, wala haitolewi upesi.

Lakini katika nyika za Nevada, na sehemu za Oregon na Idaho, wako wachunga ng'ombe ambao hujiita buckaroo. Neno hili si la Kiingereza kwa asili. Ni neno la Kihispania vaquero, ambalo latokana na vaca, maana yake ng'ombe. Wahispania huitamka herufi v karibu sawa na b, na wale waliolisikia neno hilo kwa masikio ya Kiingereza walilipinda mpaka likawa hivyo lilivyo. Basi mtu asemaye kwa fahari kwamba yeye ni buckaroo anajiita kwa lugha ya waalimu wake wa kwanza, ajue asijue.

Kwa Kiswahili twaweza kumwita mchungaji, lakini neno hilo siku hizi laelekea zaidi kanisani. Tena mchunga wa kwetu huenda kwa miguu pamoja na wanyama wake, huwajua mmoja mmoja, na jioni huwarudisha zizini. Yule wa Marekani hana zizi la kila jioni. Ng'ombe wake hutawanyika nyikani kwa miezi mingi, naye huwafuata na kuwatafuta juu ya farasi. Kwa sababu hiyo tutatumia neno kauboi, na shamba lake tutaliita ranchi, kama watu wasemavyo.

II. Asili ya kazi

Kabla ya kuja Wazungu, bara la Amerika halikuwa na ng'ombe wa kufugwa. Na farasi wa kale waliokuwako huko walikuwa wamekwisha kutoweka maelfu ya miaka. Christopher Columbus alileta ng'ombe katika visiwa vya Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Mwaka 1519 Hernán Cortés alishuka pwani ya Mexico na farasi 16. Wanyama hao waliona malisho mapana yasiyo na mwenye kuyagombania, wakazaana sana, na ng'ombe wengi wakawa kama wanyama wa porini.

Hapo watawala wa Kihispania waliingia katika shida. Sheria zao ziliwakataza wenyeji kupanda farasi, kwa kuwa mtu aliye juu ya farasi si rahisi kumtawala. Lakini ng'ombe wa porini hakamatwi kwa miguu, na wenye mali hawakutaka kuifanya kazi hiyo ya jua na vumbi kwa mikono yao. Basi haja ya kazi ikaishinda sheria. Wenyeji, na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na watoto wa machotara, walipandishwa juu ya farasi wakapewa kamba. Hao ndio vaquero wa kwanza.

Huko California, Wafransisko walijenga misheni yao ya kwanza San Diego mwaka 1769, na baadaye zikawa 21 kwa jumla. Wenyeji walikusanywa humo, wengi wao si kwa hiari, na maradhi mageni yakawaua wengi mno. Jambo hili halifai kufichwa. Miongoni mwa waliosalia walitoka wapanda farasi hodari sana, na kwa kazi yao misheni zilikuwa na makundi makubwa ya ng'ombe, ambao ngozi zao na shahamu yao ziliuzwa kwa merikebu zilizokuja pwani.

Upande wa Texas, nchi hiyo ilijitenga na Mexico mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingia katika Marekani. Wengi wa wageni waliotoka mashariki walikuwa wamezoea kufuga ng'ombe wachache karibu na nyumba. Kumtupia fahali kitanzi juu ya farasi anayekwenda mbio, na kumtuliza kwa tandiko badala ya nguvu za mikono, walijifunza kwa Wamexico. Mfano mmoja ni wa Richard King, nahodha wa merikebu za mtoni, aliyeanza ranchi yake kusini mwa Texas mwaka 1853. Mwaka uliofuata alikwenda kununua ng'ombe katika kijiji cha Cruillas, kaskazini mwa Mexico, ambako ukame ulikuwa umewatesa watu. Walipokwisha kuuza wanyama wao, watu hao hawakuwa na kazi tena. Yeye akawaalika wamfuate, nao wakaja na wake zao na watoto wao na vyombo vyao. Waliitwa Kineños, ndiyo kusema watu wa King, na wajukuu zao waliendelea na kazi hiyo kizazi baada ya kizazi. Leo ranchi hiyo ina ekari 825,000 hivi. Jina lake ni la nahodha; ustadi ulioikuza ulikuwa wa wanakijiji.

III. Vyombo na majina yake

Sasa na tuvitazame vyombo vya kazi, kimoja kimoja.

Kamba ya kutupia huitwa lariat. Kihispania husema la reata, maana yake ile kamba. La ni kiambishi cha jina, kama al ya Kiarabu. Wamarekani walivimeza vyote viwili kwa pamoja, kama sisi tulivyomeza al katika alfajiri na alasiri. Ngozi ngumu ambayo kauboi huvaa juu ya suruali yake ili miiba isimchane huitwa chaps, nalo ni kipande tu cha neno chaparreras. Na chaparral ni kile kichaka chenye miiba. Zizi huitwa corral, bila kubadilishwa hata herufi. Farasi wa porini huitwa mustang, kutoka mesteño, yaani mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe. Rodeo, ambayo leo ni mchezo wa mashindano, hapo kwanza ilikuwa kazi ya kuwazunguka ng'ombe na kuwakusanya mahali pamoja, kutoka kitenzi rodear, kuzunguka. Na ranchi yenyewe ni rancho.

Maneno mawili yataka kuangaliwa zaidi. Kuna kamba iliyosokotwa kwa nywele za farasi, ambayo makauboi wa Nevada huitumia kuwa hatamu ya farasi anayefundishwa. Wao huitamka kama jina la ukoo wa Kiairishi, McCarty, hata mgeni hudhani kwamba ni jina la mtu aliyeitengeneza. Sivyo. Kihispania ni mecate, nalo latoka katika lugha ya Kinahuatl, iliyosemwa na Waazteki, ambamo mecatl ni kamba. Basi katika neno hili husikika sauti ya wenyeji wenyewe, waliokuwako kabla ya farasi.

La pili ni hackamore, kichwani pa farasi asiyetiwa bado chuma kinywani. Kihispania ni jáquima, na Wahispania walilipata kwa Waarabu waliotawala sehemu za nchi yao tangu mwaka 711 hadi 1492. Kwa Kiarabu ni shakima. Sisi nasi tumepokea maneno ya farasi kwa Waarabu: farasi mwenyewe, na lijamu yake. Kwa hiyo kijana wa Lamu na kauboi wa Nevada, ambao hawajaonana, kila mmoja akiyataja matandiko ya mnyama wake, hutumia maneno yaliyotoka katika lugha moja. Moja lilivuka Bahari ya Hindi kwa jahazi, jingine lilipita Hispania na Mexico.

Vyombo hivyo vina elimu yake, na elimu hiyo imegawanyika njia mbili. Makauboi wa Texas hutumia kamba fupi, futi 30 hivi, nao huifunga ncha yake imara katika pembe iliyo mbele ya tandiko. Sababu ni vichaka vyao: ng'ombe huonekana mara moja na kutoweka, wala hakuna nafasi ya kurusha kitanzi kirefu. Hatari yake ni kwamba aliyemnasa fahali mkubwa amefungwa naye, na akishindwa huanguka yeye na farasi wake. Wale waliofuata mafundisho ya California walikuwa na kamba ya pote za ngozi mbichi zilizosukwa, yenye urefu wa futi 60 au zaidi. Kamba hiyo hukatika ikivutwa kwa ghafula. Kwa hiyo kauboi hakuifunga, bali baada ya kunasa aliizungusha katika pembe ya tandiko, akaiacha iteleze kidogo kidogo mpaka mnyama akasimama. Wahispania husema dar la vuelta, yaani kutia mzungusho; na Wamarekani wakafupisha wakasema dally. Hatari ya njia hii ni kidole gumba, maana kikiingia kati ya kamba na pembe hukatwa. Wako wazee wengi wa kazi hii waliopungukiwa kidole hicho.

Kwa kufundisha farasi nako walifuata taratibu ndefu. Mnyama huanza na ile jáquima, kisha hupewa hatamu mbili kwa pamoja, na mwisho kabisa hutiwa lijamu kubwa ya chuma, ambayo mkono mzito waweza kumjeruhi nayo. Mafundisho haya yaweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Mtu mwenye haraka hawezi kumpata farasi wa namna hiyo.

Ustadi huu haukuishia bara. Mwaka 1793 George Vancouver, nahodha wa Kiingereza, alimletea mfalme Kamehameha wa Hawaii ng'ombe kuwa zawadi. Mfalme akakataza wasichinjwe, nao wakaongezeka mpaka wakaharibu mashamba ya watu. Katika miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu aliwaalika vaquero wafundishe watu wake. Wahawaii wakawaita paniolo, yaani español, Mhispania, kama ulimi wao ulivyoweza. Na jina hilo hata leo ndilo jina la kauboi wa Hawaii. Mwaka 1908 mmoja wao, Ikua Purdy, alikwenda Cheyenne katika Wyoming, akapanda farasi wa kuazima, akawashinda mabingwa wa bara katika kunasa na kufunga maksai.

IV. Miaka ya safari ndefu

Habari zinazojulikana sana ni za miaka ishirini tu hivi, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Vita ilipokwisha, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi mno wenye pembe ndefu, kizazi cha wale wa Kihispania. Huko ng'ombe mmoja aliuzwa kwa dola 4 hivi, na miji ya kaskazini ilikuwa tayari kutoa hata dola 40. Mwaka 1867 Joseph McCoy alijenga mazizi karibu na reli katika mji wa Abilene, Kansas, na makundi yakaanza kuswagwa kwenda huko.

Kundi moja lilikuwa la ng'ombe 2,000 au 3,000, na watu kumi au kumi na wawili. Walikwenda maili 10 hadi 15 kwa siku, muda wa miezi miwili au mitatu. Wazoefu walitangulia mbele kuongoza. Wengine walikaa ubavuni. Na wageni wa kazi waliwekwa nyuma kabisa, wakala vumbi la kundi zima. Usiku walilinda kwa zamu, wawili wawili, wakilizunguka kundi kwa kupishana, huku wakiimba polepole. Hawakuimba kwa kujifurahisha tu, bali ng'ombe asikiaye sauti anayoijua hashtuki upesi. Likipiga radi, au kijiti kikivunjika, kundi lote laweza kukurupuka gizani; na kauboi aliyeanguka mbele yake hakuwa na matumaini mengi.

Mtu mkubwa baada ya mkuu wa safari alikuwa mpishi. Mwaka 1866 Charles Goodnight alilitengeneza gari la jeshi likawa jiko la safari, lenye sanduku la vyakula nyuma yake na ubao wa kushuka uliokuwa meza. Usiku mti wa mbele wa gari ulielekezwa nyota ya kaskazini, ili asubuhi, hata mbingu ikifunikwa na mawingu, wajue njia.

Katika watu wa Goodnight alikuwako Bose Ikard, aliyezaliwa utumwani Mississippi. Baada ya kuachwa huru alisafiri na Goodnight miaka kadhaa, na Goodnight alimwaminia hata fedha za mauzo ya ng'ombe katika nchi zisizo na benki wala askari. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, naye mzee sana, aliweka jiwe la ukumbusho kaburini pake. Hakuwa peke yake. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja katika kila makauboi wanne wa zamani zile alikuwa mtu mweusi. Na Wamexico nao walikuwa wengi. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, baba yake na mama yake wakiwa wamepata kuwa watumwa, ndiye aliyeeneza mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi, kumshika fahali pembe na kumwangusha. Mchezo huo hata leo hauachwi katika mashindano. Alikufa mwaka 1932 kwa teke la farasi.

Mshahara ulikuwa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Mwaka 1883 makauboi wa ranchi kadhaa za kaskazini mwa Texas waligoma, wakitaka dola 50. Walishindwa, maana watu wenye kutafuta kazi walikuwa wengi, na wagomaji wakafukuzwa. Mwaka uo huo wa 1883, William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill, alifungua maonyesho yake ya farasi na bunduki, yakamtajirisha na kumfikisha mpaka London mwaka 1887. Msomaji ayaweke mambo haya mawili pamoja. Aliyeuonyesha ukauboi kwa watu alilipwa. Walioufanya walinyimwa nyongeza. Na tangu hapo, katika maonyesho, riwaya na sinema, sura ya mtu mweusi na ya Mmexico ilizidi kupungua, hata watu wengi wakadhani hawakuwako.

Safari zenyewe hazikudumu. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hati ya kumiliki ufundi wake wa seng'enge ya miiba, na nyika ikagawanywa. Reli nazo zikaingia Texas. Kisha majira ya baridi ya 1886 na 1887 yalileta theluji nyingi hata ng'ombe wakafa kwa makundi makundi katika nyika za kaskazini. Baada ya hapo wenye mali walijifunza kukata majani na kuweka akiba, na kauboi akashuka juu ya farasi ili achimbe mashimo ya nguzo.

V. Chapa na namna ya kuisoma

Wafugaji wa kwetu, kama Wamasai, huwatia wanyama alama za ukoo kwa moto na kwa kuwakata masikio. Makauboi nao wana chapa, nazo zimekuwa kama maandishi yenye sarufi yake. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini, na kutoka nje kwenda ndani. Herufi iliyolala ubavu huitwa mvivu. Yenye mabawa huitwa irukayo. Iliyowekwa juu ya mstari uliopindika huitwa ibembeayo. Chapa ya ranchi ya King ni W iliyonyoshwa, nao husema W ikimbiayo. Lakini Kineños waliona humo nyoka mdogo, wakaiita viborita. Chapa huandikwa katika daftari za serikali ya jimbo, na katika majimbo mengi ya magharibi wako wakaguzi wanaoziangalia ng'ombe auzwapo.

Ng'ombe asiye na chapa huitwa maverick. Samuel Maverick, mwanasheria wa Texas aliyeishi 1803 hadi 1870, alipokea ng'ombe kwa kulipwa deni, wala hakujisumbua kuwatia alama. Majirani wakimwona ndama mtupu walisema, huyu ni wa Maverick. Siku hizi Waingereza na Wamarekani humwita hivyo hata mtu asiyefuata kundi.

Kazi ya kutia chapa hufanywa hasa majira ya kuchipua, na hapo utaona ujima kama wetu. Jirani huja na farasi wao, wala hawalipwi fedha. Mwenye kazi atakwenda kwao zamu yao ifikapo. Mpanda farasi humnasa ndama miguu ya nyuma, akamvuta polepole mpaka motoni, wawili humshika, wengine hutia chapa, huchanja dawa, hukata sikio, na huhasi madume. Kazi ya kurusha kamba ndiyo ya heshima, na mwenye ng'ombe ndiye amtajaye atakayeifanya. Si adabu mtu kujiingiza. Vijana huanza chini, katika vumbi, wakishika ndama.

VI. Adabu zao

Kila kauboi wa ranchi kubwa hupewa farasi kadhaa wa kutumia, nao huwa kama wake ijapokuwa si mali yake. Hakuna mwingine awapandaye bila ruhusa. Mkuu akimnyang'anya mtu farasi mmoja bila kusema neno, huyo hufahamu kwamba hatakiwi tena, hufunga mizigo yake.

Mtu hapiti kati ya mwenzake na ng'ombe amwangaliaye, wala hamtangulii mkuu njiani. Ajapo penye gari la chakula, huja kwa upande ambao upepo hautapeleka vumbi chunguni, wala hafungi farasi katika gurudumu la mpishi. Hachukui kipande cha mwisho cha nyama mpaka ajue kwamba wote wamekula. Anayeinuka kujimiminia kahawa, akisikia mwenzake amemwita, sharti awamiminie wote.

Tena usimwulize mwenye ranchi ana ng'ombe wangapi. Ni kama kumwuliza fedha zake. Msomaji aliyekaa karibu na wafugaji wa nchi yetu ameyajua haya zamani.

VII. Hali ya leo

Kazi haijakwisha. Farasi hupakiwa katika tela nyuma ya gari, wakapelekwa mbali kwa saa moja. Kamba nyingi ni za nailoni. Lakini penye mawe na mabonde gari halifiki, na mtamba anayezaa mara ya kwanza usiku wa baridi hamngojei fundi wa mashine. Kauboi huamka kumsaidia, hutengeneza seng'enge, hutazama pampu za upepo, hupeleka chumvi. Mahali pengi mshahara wake bado ni mdogo, na sehemu yake ni nyumba ya kukaa na nyama ya ng'ombe.

Wamehifadhi pia usemi wao. Tangu mwaka 1985 hukutana Elko, katika Nevada, majira ya baridi, kukariri mashairi waliyoyatunga au kuyapokea kwa wazee. Mengi yana vina na mapigo yaliyopangwa, nayo hushikwa kwa moyo, jambo ambalo watu wa pwani wataliona la kwao.

Katika miaka hii ya karibu wanahistoria wengi wamerudi kuwatafuta makauboi weusi, Wamexico na wenyeji katika daftari za mishahara na katika picha za kale, na habari zao zimeanza kuandikwa upya. Kazi hiyo ni njema, nayo ilichelewa. Lakini hata vitabu vilipokuwa vimenyamaza, kila asubuhi kauboi alisema lariat, corral, chaps, akamfunga farasi wake ile mecate ya Kinahuatl, asijue kwamba anawataja. Wasomaji wetu wanaoishi na wahunzi, wavuvi, wasusi na wafuga ng'ombe, ambao hakuna aliyeandika habari zao, twawaomba wafanye vivyo hivyo: wakae nao kazini, waulize kila chombo kinaitwaje, na kila kipande cha chombo, waandike jibu kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha, na kutuletea.